Gari la chakula, trela au kontena: kipi kitapita kwa afisa afya na afisa biashara?

Anayetaka kuuza chakula bila kujenga mgahawa ana njia tatu mbele yake: gari lililogeuzwa jiko, trela ya kuvutwa, au kontena linalowekwa mahali na kubaki hapo. Bei ya fundi watu huulizia mapema sana. Vibali huulizwa mwishoni, pesa ikishaondoka, na ndiyo maana magari mazuri yenye sinki za stenlesi yameegeshwa uani yananyeshewa.

La kushika kabla ya yote ni hili: kwa Tanzania na Kenya, leseni ya chakula hushikamana na mahali. Fomu inataka mtaa, kata na kiwanja. Afisa afya akija anauliza maji safi yanatoka wapi, maji machafu yanaishia wapi, choo cha wafanyakazi kiko wapi, taka anazoa nani. Gari linaloshinda Mbezi leo na Mbagala kesho halina jibu la hata swali moja kati ya hayo. Kwa hiyo anza na mahali, kisha ndipo uchague chombo kinachofaa mahali hapo. Wengi hufanya kinyume chake, na hapo ndipo wanapokwama.

Wanaotazama video za Marekani hudhani kule gari liko huru. Haliko. Huko California, sheria inalitaka gari la chakula liwe na jiko mama lililosajiliwa, linaporudi kuoshwa, kujaza maji safi na kumwaga machafu. New York nayo inatenganisha leseni ya muuzaji na kibali cha chombo chenyewe, na vibali vya chombo vina ukomo wa idadi. Hata huko magurudumu yamefungwa kamba kwenye anwani fulani.

Makaratasi yasiyotofautiana

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam. Kenya ina sehemu yake chini. Chombo chochote utakachochagua, utahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), TIN ya biashara (namba ya mlipakodi) kutoka TRA pamoja na uthibitisho kwamba kodi yako iko sawa, mkataba wa pango au barua ya mwenye eneo, na utambulisho wa serikali ya mtaa. Ukitumia jina la biashara badala ya jina lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwanza ili kila karatasi isomeke jina moja. Leseni yenyewe inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI wa halmashauri. Jina lililoandikwa tofauti kwenye TIN na kwenye mkataba wa pango linatosha kurudisha maombi.

Mauzo ghafi yakifika shilingi milioni 11 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 2022, unatakiwa uwe na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Gawa kwa siku 300 za kazi: ni kama shilingi 36,700 kwa siku. Gari la chakula lenye wateja wa kawaida hulipita hilo mapema mchana, kwa hiyo hesabu bei ya mashine kwenye mtaji wa kuanzia.

Kila anayeshika chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita, na vyeti vinakaa kwenye biashara, visiwe nyumbani. Dereva anayesaidia kufunga oda naye anahesabiwa. Kinachowaponza wengi ni msaidizi mpya: ameingia juzi, anajifunza kazi, afisa anahesabu watu wanne ndani na anapewa vyeti vitatu. Mpime kabla hajavaa aproni.

Ukitaka pia kufungasha pilipili au achari yako na kuipeleka madukani, hiyo ni kazi nyingine kabisa, na unaingia mikononi mwa TBS, shirika la viwango, ambalo 2019 lilichukua masuala ya chakula kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zanzibar ina utaratibu wake, na ukaguzi wa chakula uko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa huko.

Tofauti zinapoanza

| | Gari | Trela | Kontena |
|---|---|---|---|
| Karatasi za chombo | Kadi ya gari iliyorekebishwa, bima ya biashara | Usajili wake yenyewe, pamoja na wa gari linaloivuta | Kibali cha jengo la muda |
| Maji | Tangi | Tangi, au mpira kutoka bomba la jirani | Bomba lenye mita |
| Maji machafu | Tangi, kumwagwa kila siku | Tangi, au bomba la muda | Shimo au mfumo wa majitaka |
| Umeme | Jenereta au betri | Jenereta au waya wa jirani | LUKU |
| Likiharibika | Jiko na usafiri vinasimama pamoja | Jiko linabaki kazini | Halina injini |

Gari lina mtego ambao fundi wa bodi hakuambii. Ukigeuza gari la abiria au la mizigo kuwa jiko, umebadilisha aina ya bodi na matumizi yake, na kadi lazima iseme hivyo. Isiposema, trafiki ana haki ya kukusimamisha; baya zaidi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa siku mtungi unapolipuka, kwa kuwa ilikatia bima gari la matumizi binafsi. Lipeleke kwenye ukaguzi likiwa limekamilika, halafu ndipo ukate bima inayotaja biashara ya chakula na vifaa vya gesi vilivyomo.

Trela watu huidharau, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa wengi zaidi ya hayo mawili. Unaiegesha, gari linaondoka kwenda sokoni, jiko linaendelea kukaanga. Afisa afya akiiona imekaa mahali pamoja, na bomba la jirani limefika, anaikagua kama kibanda kilichojengwa vizuri. Angalia tu leseni yako ya udereva kama daraja lake linaruhusu kuvuta trela ya uzito huo.

Kontena ndilo rahisi kupata leseni na ndilo rahisi kupoteza. Rahisi kupata, kwa sababu linajibu maswali yote ya afisa afya. Rahisi kupoteza, kwa sababu likiwekwa kwenye hifadhi ya barabara halina pa kukimbilia. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Mita hizo zipime kwa futi ya fundi, usizikadirie kwa macho. Oktoba 2021, wamachinga walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara za Dar es Salaam, waliokuwa na vibanda vya kudumu ndio waliopoteza mabati na mbao. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na hifadhi zake ni nyembamba zaidi, lakini ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa haiwezi kukupa ardhi ya TARURA. Risiti ya ushuru wa siku nayo haithibitishi kwamba uko mahali halali. Wengi wameinyoosha risiti hiyo mbele ya mgambo, na haikuwasaidia.

Mahali salama zaidi kwa vyote vitatu ni ndani ya mipaka ya mtu: kituo cha mafuta (mbali na pampu, na kwa ruhusa ya maandishi), uwanja wa kanisa au msikiti, maegesho ya ofisi, karakana. Mkataba utaje maji, umeme, choo na kuzoa taka. Mstari mmoja unaosema "mpangaji atatumia choo cha jengo" umeokoa maombi mengi.

Maji na uzito

Hapa ndipo magari madogo yanaposhindwa, na kushindwa kwenyewe ni kwa hesabu tu.

Chukua watu watatu kwa saa 8. Kila mmoja anawe mikono mara tatu kwa saa, nusu lita kila mara: hiyo ni lita 36. Ongeza sinki tatu za kuoshea vyombo, ya sabuni, ya kusuuza na ya dawa, kila moja lita 15, zikijazwa mara mbili kwa siku: lita 90. Kupikia, kufuta meza na kuosha sakafu jioni ni lita 40. Jumla 166. Tangi la lita 200 ndilo la maana.

Maji machafu yanahitaji tangi kubwa kuliko la maji safi, kwa sababu barafu inayoyeyuka, juisi na maji ya kuchemshia navyo huishia humo. Kanuni ya mfano ya chakula ya Marekani inataka lizidi kwa asilimia 15. California inataka asilimia 50. Kwa tangi la 200, hiyo ni lita 230 au 300. Afisa wetu hatakupimia asilimia, lakini ataona maji yanayodondoka chini ya gari, na huko ndiko kunakofungiwa biashara. Trela nyingi zinazoagizwa kutoka China huja na madumu mawili ya lita 20 chini ya sinki. Badilisha kabla ya ukaguzi.

Sasa weka hayo kwenye kirikuu, yaani pikapu ndogo. Kigari hiki kimetengenezwa kubeba kilo 350. Maji lita 200 ni kilo 200. Mitungi miwili ya kilo 15, ikijaa, ni karibu kilo 60. Friji ndogo 45, jiko na kikaangio 50. Umefika 355, na hujaweka bodi, jenereta wala gunia la viazi. Maji nayo hayapungui uzito yakitumika, yanahama tu kutoka tangi safi kwenda chafu. Matokeo yake ni springi zinazolala, breki zinazochelewa na matairi yanayopasuka Kimara kwenye mteremko.

Kirikuu basi kinafaa kuuza, hakifai kupika kila kitu. Kikipewa jiko la nyumbani au la kukodi lililokaguliwa, kikabeba chakula kilichoiva kwenye vyombo vya moto na vinywaji kwenye barafu, kitahitaji lita 40 au 50 tu za kunawa mikono na kufuta. Vyombo huoshwa kule jikoni. Hapo leseni inakuwa na anwani inayoeleweka, na gari linabaki mkono wa kusambaza.

Kwenye trela, matangi yakae juu ya ekseli. Fundi akiweka tangi chafu nyuma kabisa, asubuhi trela inavutwa vizuri na jioni inayumba: uzito umehamia nyuma na ndoano imekuwa nyepesi. Kama asilimia 10 ya uzito wote iwe juu ya ndoano muda wote. Ndani ya tangi weka vizuizi ili maji yasikimbie yote upande mmoja unapokata kona.

Sinki ya kunawa mikono iwe peke yake, yenye maji yanayotiririka, sabuni na taulo za karatasi. Ndoo ya lita 20 yenye koki inakubalika sehemu nyingi kwa biashara ndogo, mradi kuna ndoo nyingine ya kupokea. Sinki ileile ya nyama kutumika kunawia ni kosa linaloonekana mlangoni tu.

Dawa ya sinki ya tatu: klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, vijiko vikubwa viwili (mililita 30) kwa maji lita 10. Inatoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita. Vyombo vikae dakika mbili, kisha vikauke kwa hewa, bila kufutwa na kitambaa. Maji yenye sabuni au mabaki ya chakula huua nguvu ya klorini, ndiyo sababu kusuuza hakurukwi.

Joto, friji na menyu

Shirika la Afya Duniani linataka chakula kibaki chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60, kiive hadi 70 katikati, na kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la chumba. Ndani ya gari la bati, Januari, Dar es Salaam, "joto la chumba" lenyewe linapita 40 kikaangio kikiwaka. Friji ya kawaida hapo huzunguka mchana kutwa bila kushuka. Geuza friji usome kibandiko cha nyuma: herufi N ina maana imeundwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST ni 38, T ni 43. Nunua T, iweke upande wa mbali na moto, na uache nafasi ya hewa nyuma. Kwenye kontena tatizo hilo linapungua ukiweka dari ya pili na feni ya kutolea hewa. Kwenye gari nafasi ya dari ya pili mara nyingi haipo.

Menyu ndiyo inayoamua ukali wa masharti. Mishikaki na chipsi zinazokaangwa mteja akisubiri hazina hatari kubwa, mradi nyama mbichi ina koleo lake na iliyoiva lake. Kwenye chipsi mayai tatizo ni ndoo: mayai 30 yaliyopasuliwa asubuhi na kukaa humo kando ya jiko. Moja likiwa na bakteria wa salmonela, wateja wote wa siku hiyo wameunganishwa. Pasua kwa oda.

Wali na pilau vinatisha kuliko vinavyoonekana. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazovumilia kuchemka, na wali ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa, mbegu huamka na kutoa sumu isiyokufa hata ukiupasha moto upya. Kwa hiyo kuupasha wali wa jana mpaka utoe mvuke hakuondoi sumu hiyo. Ukilazimika kuhifadhi, utandaze kwenye sinia kwa kina kisichozidi sentimita 5, ushuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Kirikuu hakina friji ya kufanya hivyo. Kipimajoto cha kuchomeka ni rahisi kuliko faini yoyote. Kiweke mfukoni mwa aproni.

Kachumbari, juisi na matunda yaliyokatwa ndivyo vya kwanza kupigwa marufuku kipindupindu kikiingia, kwa kuwa havipiti motoni. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi. Biashara yako yote ikiwa ni juisi, tangazo moja la halmashauri linaifunga. Panga menyu yenye angalau vitu viwili vya moto.

Mfuko wa plastiki wa kubebea umekatazwa Tanzania tangu 1 Juni 2019, na Kenya tangu 28 Agosti 2017. Gazeti lililotumika nalo si kifungashio cha chakula.

Gesi

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inajaza sakafu kimya mpaka ifike kwenye cheche. Kontena na trela zinaweza kuweka mitungi nje kabisa, kwenye kizimba chenye matundu, ikisimama wima. Gari linahitaji kabati lake lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu sakafuni la kutolea hewa nje. Kizuizi cha mafundi wengi ni urembo: hawataki tundu kwenye bodi mpya. Usikubali.

Pima viungo kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, badilisha mpira kwa tarehe iliyochapwa juu yake, na funga valvu ya mtungi kabla gari halijatingishika. Kizimamoto cha unga kikae karibu na mlango, si nyuma ya kikaangio, na blanketi la moto liwepo kwa ajili ya mafuta. Maji juu ya mafuta yanayowaka hurusha moto hadi dari.

Kenya kwa ufupi

Katiba ya 2010 imeipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula, na ada zinawekwa na sheria ya fedha ya kila kaunti. Kwa mwenye gari maana yake ni moja: kibali cha Kiambu hakikulindi ukivuka kuingia Nairobi, kanjo, askari wa kaunti, atakuchukua kama asiye na kibali. Anayetaka kuzunguka kaunti tatu alipie tatu, au achague moja. Nairobi iliunganisha vibali vyake kuwa kimoja mwaka 2023, pamoja na usafi wa chakula na zimamoto, hivyo foleni zimepungua ingawa ukaguzi uko palepale. Cheti cha afya ni cha miezi sita, kama Tanzania. Mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipiwa kodi ya mauzo ya asilimia 3 tangu Julai 2023. Mabadiliko ya bodi yanapitia NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na trela hupewa namba yake inayoanza na Z.

Nani achukue kipi

Mwenye mtaji mdogo na jiko tayari lililokaguliwa: kirikuu cha kuuzia. Mwenye mkataba wa eneo wa mwaka mmoja ambao hauna hakika ya kuendelea: trela. Mwenye mkataba wa miaka mitatu au zaidi, ndani ya kiwanja cha mtu, na menyu ya wali, supu na juisi: kontena, bila kusita. Gari kubwa lenye jiko kamili linamfaa anayeishi kwa sherehe, viwanja vya mpira na maonyesho kama Sabasaba, ambako mwandaaji ndiye mwenye eneo. Hata hivyo beba nakala za leseni na vyeti vya afya, kwa kuwa afisa wa halmashauri ya pale atavitaka vyako.

Kwa yeyote kati yao, mpangilio wa hatua ni huu. Pata eneo na mkataba. Mwite afisa afya wa kata aone eneo likiwa tupu, umwonyeshe mchoro wa ramani ya jiko kwenye karatasi: sinki, matangi, friji, mitungi. Mwache aandike anachotaka kibadilishwe. Mchoro uliosahihishwa ndio umpe fundi, na malipo ya mwisho yaje baada ya kujaza matangi yote mawili mpaka juu, kuyaacha usiku mzima, na kukuta sakafu kavu asubuhi.